Mguu Mmoja wa Kiti cha Jikoni

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tatu. Mvua tangu asubuhi.

Ni ile mvua ya Bukavu isiyo na haraka. Kutoka hapa mlangoni kwangu, Cimpunda, naona mabati ya Kadutu na ukungu, basi, ziwa limemezwa. Nimefua mashati na hayakauki. Nimechemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa. Halafu nikafungua blogu hii, ambayo niliianzisha ili kuwaeleza watu mambo ya useremala, namna ya kunoa patasi, namna ya kutambua mbao zilizokauka kweli na zile za udanganyifu, na nimekaa mbele yake muda mrefu bila kuandika kitu.

Nsimire ameondoka.

Nimweleze vizuri, kwa sababu anayesoma hapa hamjui. Nsimire ni binti yangu, wa pekee, ana miaka kumi na saba. Hadi wiki hii alikuwa pia mwanafunzi wangu, mwaka wa nne wa menuizeri, yaani useremala, katika shule ya ufundi ninakofundisha. Jumatano alipanda boti kwenda Minova kwa mama yake mdogo, yaani mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye anauza vitenge sokoni kule. Hakutoroka. Hakufukuzwa. Nilimbebea mzigo mwenyewe mpaka bandarini, akanishukuru, akaniambia nisisahau kufunga dirisha la jikoni mvua ikinyesha. Ndiyo maana inauma hivi. Natafuta mtu wa kumkasirikia na simpati ila mimi.

Mama yake alifariki mwaka jana, baada ya kuugua muda mrefu. Kilio kilipokwisha, familia ilikaa, kama ilivyo desturi yetu, kuamua mtoto atakaa wapi. Shemeji yangu wa Minova akamwomba. Alisema mtoto wa kike na baba mjane ndani ya nyumba moja yenye ukimya, si vizuri, na hakukosea. Mimi nikaomba niachiwe. Tukapatana hivi: Nsimire atabaki Bukavu, atasoma kwangu, na Pasaka ikifika atasema yeye mwenyewe kama moyo wake uko hapa au hauko. Wazee wote wakanigeukia. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Mimi ni mwalimu. Mtu anayefundisha watoto wa watu miaka yote hii atamshindwa wake?

Nilijiamini kuliko inavyofaa.

Niseme ukweli kuhusu darasa langu. Watoto wengi hawaji menuizeri kwa kuipenda. Wanakuja kwa sababu walianguka kwingine, na nyumbani wamekwisha ambiwa kwamba mikono ifanye kazi maana kichwa kimekataa. Na mwaka huu, baada ya yote ambayo mji huu umeyaona, wanaingia ateliye, karakana yetu, wakiwa wamechoka kabla ya kengele kulia. Bukavu nzima imejifunza kuongea kwa sauti ya chini, hata watoto. Unaweza kufundisha saa nzima na ukasikia mvua tu.

Na mimi nilikuwa nawapa nini? Programu. Kwanza kuchora. Halafu kupiga randa kipande cha mukaratusi mpaka kinyooke pande zote. Halafu kuchonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, ziingiane bila msumari. Nikikagua na kuweka alama, vipande vyote vinatupwa kwenye sanduku la mlangoni, na jioni sentineli wetu, yule mzee anayelinda shule, anavichukua kuwashia mbabula yake, lile jiko la makaa. Ilikuwa hivyo tangu nilipoajiriwa. Kazi ya trimestre, muhula mzima, inaivisha maharagwe ya sentineli! Mimi sikuona ubaya wowote, ila watoto waliuona.

Aliyesema ni Mugisho. Ni kijana mrefu, mvivu wa asubuhi, mama yake anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni Kadutu. Siku moja, kabla ya Noeli, nilimkuta amelaza shavu juu ya mbao yake. Nikamuuliza kama anangoja ijinyooshe yenyewe. Akainua kichwa, wala hakuwa na ujeuri, akaniuliza:

"Monsieur, hii kitu tuko natengeneza, iko ya nani?"

Wenzake wakacheka. Nikamwamuru ashike randa. Lakini swali lile lilipanda nami mlima mpaka nyumbani, likala nami, likalala nami. Ya nani? Ya sentineli.

Wiki iliyofuata niliweka programu pembeni. Nikawaambia kila mtu alete kitu kimoja kilichovunjika kwao. Kisiwe cha jirani wala cha kuokota barabarani, kiwe kile ambacho familia yake inakiona kila siku na kukizoea. Nilitegemea wawili au watatu. Jumatatu yake mlango wa ateliye haukupitika. Mugisho alileta meza ya mama yake ya sambaza, imefungwa upande mmoja kwa mpira wa gurudumu, na harufu yake ikakaa nasi mwezi mzima. Mwingine alileta dirisha ambalo bibi yake hulifunga kwa kuliegemeza jiwe. Mwingine ubavu wa kitanda wanacholala ndugu wanne. Mmoja alileta msalaba wa kapela uliokatika mkono, tukabishana kama kapela ni kwao, akatuambia katekista ni baba yake, tukamkubalia.

Sijawahi kuona darasa kama lile. Wakawa hawatoki kwenda mapumziko. Walianza wenyewe kuniomba niwafundishe ulimi na tundu, kitu kile kile walichokuwa wanasinzia juu yake, kwa kuwa sasa kitanda cha wadogo zao kilikihitaji. Prefe, mkuu wa shule, alikuja kuuliza kuna nini, mbona menuizeri kuna kelele. Nikamwambia ni masomo.

Njia hii ina mtihani mmoja tu, na aliyewahi kufundisha kazi ya mikono ataujua. Mtoto anaharibu mbao mbele ya macho yako. Msumeno unaacha mstari, unauona unaacha mstari, na vidole vyako vinawasha. Ukisema lete nikuonyeshe, umekwisha. Utakata vizuri, yeye atasimama pembeni kukutazama, na kuanzia hapo meza ni yako. Kwa hiyo nilijiwekea sheria. Nikikagua kazi ya mwanafunzi, mikono yangu inakaa ndani ya mifuko ya bluzi yangu ya kazi. Kama ni lazima nionyeshe, nachukua mbao nyingine. Ya kwake siigusi. Wakanibatiza Monsieur Mifuko, hata wa sehemu ya mekanika wananiita hivyo uani. Nilikubali. Meza ya Mugisho inachechemea mpaka leo, na mama yake anaisifia kwa wateja wote.

Wote walileta, isipokuwa Nsimire.

Alikuwa anakaa meza ya mwisho, anafanya ninachosema, kama mtu anayeosha vyombo vya nyumba ya watu. Shuleni ananiita Monsieur, nyumbani Papa, na kote kuwili maneno yalikuwa machache. Tangu mazishi tulikuwa tunaongea chumvi, ufunguo, maji yamekatika, maji yamerudi. Nilimwona anavyowatazama wenzake na vitu vyao. Sikumlazimisha. Nilisema nitangoja, lakini kila Jumapili nilihesabu kichwani ni Jumapili ngapi zimebaki hadi Pasaka.

Halafu mwezi wa pili, asubuhi moja, akaingia na kitu kimefungwa ndani ya kitenge. Akakifungua juu ya meza yake. Kilikuwa kiti cha jikoni cha mama yake.

Kile kiti kifupi nilikitengeneza mimi mwaka tuliooana, kwa mbao za libuyu, zile nyekundu. Mke wangu alikuwa anakikalia kando ya mbabula akisonga bugali, akichambua mboga za lengalenga, akimsuka Nsimire nywele. Kilivunjika siku ya kilio. Tonton Deo, kaka yangu mkubwa, mtu aliyejaliwa mwili mkubwa, alikivuta akakikalia huku analia, na mguu mmoja ukakatika. Akaenda chini na kilio chake chote. Watu walijizuia, wakashindwa. Nsimire alicheka mpaka akajifunika uso. Baadaye nikakiweka kiti na mguu wake uliovunjika juu ya kabati, na hapo kikakaa. Mganga hajigangi, na nyumba ya seremala ndivyo ilivyo. Lakini sikukiacha kwa uvivu. Nilikuwa siwezi kukishika.

Na sasa kiko juu ya meza, darasani. Nikamwendea.

"Iko ya kwetu," akasema.

Kwetu. Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kwenye jiwe la kunolea, nikanoa patasi iliyokuwa kali tayari.

Jioni ile, tukiwa tunakula, akaniuliza mguu wa kiti unakatwa vipi ili uzito usiupasue. Niliacha kutafuna. Nikamwambia afuate nyuzi za mbao, zishuke toka juu hadi chini bila kukatika. Akauliza na pembe? Maana miguu ile haisimami wima, imetanuka kidogo nje. Tukageuza sufuria, tukachukua vijiti vya kibiriti, nikamwonyesha. Bugali ikapoa. Kesho yake akauliza tena. Siku nyingine aliunguza lengalenga kwa kuwaza pembe, akanitazama, tukacheka wote. Ndani ya nyumba hii! Nilipotoka nje kuchukua kuni nilisimama gizani nikashukuru kwa sauti.

Alinipa sharti moja tu. "Papa, we usiguse." Nikamwambia sitagusa.

Nilimpa kipande kizuri cha libuyu, alikikataa. Alichukua mukaratusi kwenye mbao za darasa, kama wenzake. Mguu wa kwanza aliukata mfupi. Wa pili ulipasuka alipochonga ulimi. Mimi nilikuwa nyuma yake, mikono mifukoni, napita, narudi. Wa tatu ukaingia. Ilikuwa Ijumaa. Mguu ule ulikuwa mnene kuliko wenzake, mweupe kati ya miguu mitatu myekundu, na umetanuka nje zaidi ya ilivyotakiwa, kwa hiyo kiti kikikaliwa kinainama kidogo upande mmoja. Nsimire akakikalia. Kikainama. Akajiyumbisha huku na huku, akacheka peke yake, na Mugisho akapiga makofi. Akatia gundi, akaweka jiwe juu, akakiacha kikauke hadi Jumatatu.

Tulipanda nyumbani pamoja. Njiani akaniambia, bila kunitazama, kwamba Jumatatu atakirudisha jikoni na atapika akiwa amekikalia. Halafu akaniambia kwamba siku ya kikao cha familia atasema anabaki.

Nilikuwa nimeshinda. Kama ningekufa Ijumaa ile ningekufa nimeridhika.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilipita shuleni. Ufunguo ninao. Nilijiambia naangalia tu kama gundi imeshika. Ateliye ilikuwa tupu, jua limeingia mpaka kwenye maranda sakafuni. Nikaondoa jiwe. Nikakikalia kiti.

Kikainama.

Nimejaribu wiki nzima kueleza kilichonipata pale. Nilijiambia kiti kinachoyumba kando ya mbabula yenye sufuria ya moto ni hatari, mtoto ataungua. Huo ni udhuru, na ni udhuru mzuri, lakini ni udhuru. Ukweli ni kwamba nilimwona mke wangu akiwa amekaa pale amepinda, na sikuweza kuvumilia. Mikono ilitoka yenyewe mifukoni. Gundi haikuwa imeshika vizuri. Nilizungusha mguu, ukatoka. Nikachukua kile kipande cha libuyu alichokikataa. Nikachonga mguu mpya, unene wa wenzake, pembe ya wenzake, nikaupiga msasa, nikaupaka mafuta na kiti chote nikakipaka. Ukikitazama husemi ni mguu upi uliowahi kuvunjika. Nikafagia, nikatupa takataka sandukuni, nikafunga mlango.

Na niandike hili ingawa linaniaibisha: nilikuwa na furaha. Nilikuwa naimba. Tangu mke wangu azikwe sikuwa nimefanya kitu kwa ajili yake, na saa ile nilikifanya. Nilipanda nyumbani nikiwaza uso wa Nsimire atakapokiona. Niliwaza atafurahi.

Jumatatu wenzake walifika mezani kwake kabla yake. Wakakizunguka kiti. Mugisho akamwambia amekuwa fundi, kwamba huu si mguu, huu ni wa kununua. Nsimire akasogea. Akakishika, akakigeuza miguu juu. Akapitisha kidole kwenye mguu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, polepole, akitafuta wake. Halafu akanitazama. Darasa zima likanigeukia, kwa sababu watoto si wajinga, na wote wananiita Monsieur Mifuko.

Aliniuliza tu, uko wapi?

Nikaonyesha sanduku la mlangoni. Akaenda, akainama, akapekua. Lilikuwa tupu. Sentineli alikuwa amekwisha pita Jumapili jioni, kama anavyopita siku zote. Akatoka nje mpaka kibandani kwa mzee, nikamwona dirishani akiongea naye, nikamwona mzee akionyesha majivu na kujieleza kwa mikono miwili, maskini, bila kujua kakosa nini. Hakukosa kitu.

Alirudi akakaa. Alifanya somo hadi mwisho. Alipoondoka alikibeba kiti ndani ya kitenge, vizuri, kama alivyokileta.

Nyumbani nilianza kujieleza. Nikamwambia habari ya mbabula, habari ya hatari. Nikamwambia nitampa mbao nyingine, achonge mguu mwingine, wa kwake, hata kesho. Alikuwa anaosha sahani. Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo maana kila neno limebaki.

"Batoto ba batu unabafundishaka, Papa. Mi unanitengenezeaka tu."

Nikasema nilifanya kwa upendo. Akasema anajua. Akasema hakuna shida. Lile "hakuna shida" sitaki kulisikia tena maishani.

Hakungoja Pasaka. Alimpigia mama yake mdogo usiku huo huo, na shemeji akanipigia mimi kuuliza kuna nini, na mimi nikamwambia mtoto amechagua. Tonton Deo alikuja kunibembeleza nimzuie, baba ana haki. Haki ninayo. Ningemzuia angebaki hapa, angeniambia hakuna shida kila asubuhi. Jumatano nikambebea mzigo.

Kiti amekiacha. Kiko jikoni, mahali pake pa zamani, kimesimama sawa, hakiyumbi hata ukikipiga teke. Nimekipiga, ndiyo.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kwa Mugisho niliweza. Niliitazama meza ya mama yake ikikatwa vibaya, nikatabasamu, mikono mifukoni, nikajiona mwalimu mkubwa. Nadhani nimeelewa na sipendi nilichoelewa. Meza ile haikuwa inaniuma. Mtoto wa mwenzio ni rahisi kumwachia aharibu. Mbao ikipinda, inapinda kwao. Nsimire hakuleta kazi ya shule. Alileta kitu kilichokuwa kinatuuma wote wawili, akajaribu kukishika kwanza yeye, kwa mbao yake mbaya na pembe yake mbaya, na mimi nikamnyang'anya kwa sababu nilitaka kukishika mimi. Tangu lini maumivu ya kumpoteza mama yake yakawa yangu peke yangu?

Alhamisi na Ijumaa nilifundisha. Meza ya mwisho iko wazi. Mugisho, ambaye hajawahi kuwahi siku hata moja, alikuja mapema akafagia.

Mchana huu simu imelia. Ni shemeji, ametuma ujumbe wa sauti. Anasema mtoto mzima, anakula, anamsaidia dukani. Ila ana jambo. Kuna rafu ya kupangia vitenge iliyoanguka upande mmoja tangu zamani, na Nsimire ameivamia bila kuombwa na mtu. Ameazima msumeno kwa jirani. Mbao moja ameikata fupi, haifai tena. Sasa ameanza nyingine na shemeji anaona inakwenda njia ile ile.

"Shemeji, ukuye siku moya tu utupigie hii rafu, huyu mutoto ataharibu mbao yote."

Nyuma ya sauti yake unasikika msumeno. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi, si kwa ajili ya maneno. Anakata kwa haraka mno. Anausukuma msumeno kwa bega badala ya kuuachia uzito wake wenyewe ufanye kazi, nilimwambia, wote huwa nawaambia. Mbao ikikatwa hivyo itachanika mwishoni.

Nilisimama. Niandike kila kitu: nilivaa viatu. Nilikwishatia patasi mbili na randa ndogo ndani ya mfuko, na nilikuwa nawaza boti ya Jumatatu, nimuombe Prefe ruhusa, saa sita nipo Minova, jioni rafu imesimama wima na vitenge juu yake. Mikono yangu ilikuwa inajua tayari ikate wapi. Nilifika mlangoni. Mvua ilikuwa nyingi, nikasimama kuingoja ipungue, na nikiwa nimesimama pale nikaanza kulia, mtu mzima na mfuko wa vyuma begani, mbele ya majirani waliojikinga mvua chini ya paa langu.

Nikarudi ndani nikavua viatu. Nikamjibu shemeji kwa maneno machache. Nimemwambia amwache aharibu. Mbao zikiisha, amtafutie nyingine. Na asimwambie kwamba mimi nimesema.

Hajajibu. Labda ananiona baba mgumu.

Rafu ile itapinda. Najua hata itapinda upande gani, kwa kuwa najua anavyoshika msumeno. Watu wa Minova watapita mbele yake kila siku ya soko, watashika vitenge, watauliza bei, na hakuna atakayejua ni kazi ya nani. Mimi sitakwenda kuiangalia mpaka yeye mwenyewe aniite.

Huenda asiniite.